Nina dola 27,000 kesh, tugawane tisa tisa au nideklea zote?

Msomaji mmoja kaniandikia, nimefupisha kidogo:

"Habari mtaalamu. Mimi, mke wangu na mdogo wangu tunaenda Ubelgiji mwezi ujao kununua mashine ya kuchapisha iliyotumika kwenye kampuni moja ya huko. Nimeuza kiwanja, nimeshabadilisha, nina dola 27,000 kesh. Njiani tutatoka nje Dubai tulale siku mbili. Kuna jamaa anasafiri sana kaniambia tugawane tisa tisa, kila mtu anakuwa chini ya elfu kumi na hamna atakayetuuliza kitu. Naogopa kudeklea maana nasikia wakishajua una hela wanakukata kodi au wanazuia kabisa. Hela yangu ni halali. Nifanyeje, na zikibaki narudi nazo vipi?"

Kaka, salama. Nikujibu kwa kifupi kwanza halafu nirefushe: msigawane, ukibeba deklea zote, lakini hiyo kesh kwa safari hii mimi nisingeibeba kabisa, na sababu kubwa wala sio forodha, ni huyo muuzaji wa mashine, nitafika kwake. Tuanze na hiyo hofu ya kodi maana ndiyo inayowaponza watu wengi, mtu ana hela safi, ana karatasi zake zote, halafu anaficha kwenye soksi kwa sababu kuna mtu kamwambia serikali itamega.

Haimegi. Kudeklea pesa ni kutoa taarifa, basi. Simu kumi mpya kwenye begi zinaweza kutozwa ushuru kwa sababu ni bidhaa, ila noti sio bidhaa, hamna asilimia inayokatwa pale mezani na mtu akikuambia kuna "ada ya kudeklea" muombe risiti ya serikali uone anavyobadilika. Unajaza fomu, wanaangalia, wanaweza kuhesabu, wanagonga muhuri au wanakupa nakala, unaondoka na hela yako yote. Ni kweli taarifa yenyewe haiishii pale, inakwenda kwenye kitengo kinachofuatilia fedha haramu na inaweza kufika kwa watu wa kodi, Umoja wa Ulaya kwa mfano unazihifadhi hizo taarifa miaka 5. Kwa hiyo kama ulipouza kiwanja kuna kodi hukulipa, hilo lipo kati yako na mamlaka ya kodi ya kwenu na lingekuwepo hata ungebaki nyumbani. Afisa wa forodha uwanjani hakai pale kukupigia hesabu ya kodi ya kiwanja.

Wengi wanashangaa kwa nini karibu dunia nzima namba ya kuanza kudeklea ni ile ile elfu kumi. Kuna chombo kinaitwa FATF, kiliundwa 1989 na nchi tajiri za G7 kupambana na utakatishaji fedha, na mwezi wa kumi 2004 kikaongeza sharti kuhusu watu wanaovusha kesh mipakani, siku hizi lipo kama pendekezo namba 32. Linasema kila nchi iwe na utaratibu wa kujua pesa zinazoingia na kutoka mpakani, na kizingiti kisizidi dola au euro 15,000. Nchi ikitaka kwenda chini ya hapo ruksa, na nyingi zikaangukia kwenye elfu kumi. Nyingine zikachagua vyao: Japani ni yeni milioni 1, Falme za Kiarabu (ndiko Dubai iliko) dirham 60,000, Singapore dola zao 20,000. Halafu kuna nchi unajaza fomu hata usipoulizwa, na kuna nchi kama Uswisi ambako unachodaiwa ni kujibu kweli ukiulizwa. Kwa hiyo yule jamaa yako anayesafiri sana inawezekana kabisa anakuambia kitu alichokiona kwa macho yake, ila alikiona kwenye mpaka mwingine na sheria nyingine.

Hata hiyo elfu kumi yenyewe ina ujanja wake. Marekani sheria inasema zaidi ya dola 10,000, yaani ukiwa na 10,000 kamili hujafika. Ulaya na Uingereza wanasema 10,000 au zaidi, ukiwa na 10,000 kamili umefika. Na elfu kumi ya Ulaya ni euro, ya Uingereza ni pauni, ya Kanada ni dola ya Kanada, sio dola ya Marekani kila mahali kama watu wanavyodhani. Wanajumlisha na sarafu zote ulizonazo, dola, euro na shilingi zako za nauli ya kurudi nyumbani kutoka uwanjani, zinabadilishwa kwa kiwango cha siku ile kuwa hesabu moja. Mtu anayepanga abebe 9,950 ili awe "salama" anacheza kamari na kiwango cha kubadilisha fedha cha siku asiyoijua, mimi sioni faida yake.

Sasa kugawana. Hapa nitakuambia ukweli wote hata ule unaompa jamaa yako nguvu. Ulaya kizingiti ni cha kila msafiri, hata mtoto anahesabiwa peke yake na mzazi anamjazia. Falme za Kiarabu nako kila mtu mzima ana 60,000 zake, wa chini ya miaka 18 ndiye anayejumlishwa kwa mzazi. Kwa hiyo ukisoma kijuujuu mgawo wa tisa tisa unapita. Uingereza haupiti, wameandika wazi kwamba familia au kikundi kinachosafiri pamoja jumla ikifika pauni 10,000 mnadeklea hata kama kila mmoja kabeba kidogo. Marekani ndiyo usithubutu, kule kugawa hela kwa lengo la kukwepa fomu ni kosa linalojitegemea, hela iwe safi isiwe safi.

Shida ya kugawana hata pale inapopita ni hii. Sheria ya sasa ya Umoja wa Ulaya, ile iliyoanza kutumika tarehe 3 Juni 2021, imewapa maafisa nguvu ya kushika hata kiasi kilicho chini ya 10,000 wakiona dalili za uhalifu. Sasa jiweke upande wa pili wa meza. Watu watatu, tiketi zimenunuliwa pamoja, kila mmoja ana 9,000, noti za aina moja, zimefungwa kwa mtindo mmoja. Afisa anamtenga mdogo wako pembeni anamuuliza, kijana hizi hela ni za nani? Atajibu nini? Akisema zangu, kadanganya, na ataulizwa kazipata wapi na hana karatasi hata moja. Akisema ni za kaka, basi kashaeleza mpango mzima, kwamba kuna mtu mmoja mwenye 27,000 aliyezigawa zisionekane. Karatasi ya kiwanja ina jina lako wewe, risiti ya kubadilisha ina jina lako wewe, na theluthi mbili ya pesa ipo mifukoni mwa watu ambao hawawezi kuieleza. Hela ilikuwa halali asubuhi, kufika saa nane mchana mmeifanya inuke wenyewe. Na hapo sijagusa nchi mnayotokea, ambayo nayo ina kizingiti chake cha kutoka.

Nakuletea kesi ambayo sisi watu wa mambo haya tunaitaja sana, inaitwa United States v. Bajakajian. Mwaka 1994 mwanaume mmoja, mkewe na mabinti zao wawili wako uwanja wa Los Angeles wanasafiri kwenda Cyprus. Mbwa wa kunusa pesa wakasimama kwenye mabegi yao yaliyokwisha kukabidhiwa, ndani kukakutwa dola 230,000. Afisa akawafuata, akawaeleza sharti la kudeklea, akauliza mna kiasi gani. Mwanaume akasema ana 8,000, mke ana 7,000, hamna zaidi. Wakapekua, jumla ikawa dola 357,144. Kilichofuata ndicho ninachotaka ukikamate: mahakama ilikuta hela ni halali, alikuwa anapeleka kulipa deni halali. Hamna dawa za kulevya, hamna utapeli. Na bado serikali ilitaka kuchukua yote, sio sehemu, yote, kwa sababu ya fomu. Mahakama ya chini ikachukua 15,000, ikampiga faini ya 5,000 na miaka mitatu ya uangalizi, serikali ikakata rufaa, ikafika mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani na 1998 majaji watano dhidi ya wanne wakasema kumnyang'anya yote kunapita mipaka kwa kosa la namna ile.

Watu wanaisimulia hii kesi kama habari njema. Kwangu mimi ni miaka minne ya mawakili kwa ajili ya fomu ambayo angeijaza akiwa amesimama. Halafu hata huo mlango wameshaubana, 2001 Marekani ikatunga kosa la kuficha kesh nyingi kwa nia ya kukwepa taarifa, kifungo hadi miaka 5 na pesa inaweza kutaifishwa. Kwa hiyo leo kuishona kwenye koti ni kosa tofauti na lile la kutojaza fomu.

Angalia pia kwamba yule bwana alikuwa anatoka. Watu wanadhani kudeklea ni mambo ya kuingia tu kwa sababu ukiingia ndipo unapokutana na watu wa forodha na ile milango ya kijani na nyekundu. Ukitoka hamna anayekusimamisha, unapita ukaguzi wa usalama, muhuri, ndege. Lakini sharti liko pande zote mbili na kwenye kutoka ni wewe ndiye unayepaswa kuwatafuta ofisi yao ilipo, mara nyingi kabla hujakabidhi mizigo au kabla ya kuvuka uhamiaji, kwa hiyo fika mapema. Siku hizi kuna nchi unajaza mtandaoni kabla ya safari, Uingereza wanakuruhusu kuanzia saa 72 kabla, Marekani fomu yao ya FinCEN 105 ipo mtandaoni, Falme za Kiarabu wana mfumo wao unaitwa Afseh. Na hao walinzi wa mashine za eksirei sio forodha, kumwambia mlinzi "nina hela humu" hujadeklea chochote, ila yeye akiona furushi kwenye skrini anaweza kuwaita forodha kabla wewe hujawafikia.

Kwa safari yako hesabu inakuwa hivi. Kutoka nchini kwenu, fomu ya kwanza. Kuingia Dubai, kwa sababu mnatoka nje kulala, hiyo 27,000 ni kama dirham 99,000, imepita 60,000, ukiibeba wewe peke yako unadeklea ukiingia na unadeklea tena ukitoka. Kisha Ulaya. Zingatia mlango wa kwanza wa Umoja wa Ulaya mnaokanyaga, kama ndege inawashusha Paris au Frankfurt mkaunganishe kwenda Brussels basi mambo yanaanzia pale mnapoingilia, usiseme nitadeklea nikifika. Na hata ndani kwa ndani sio kimya kabisa, Ufaransa wanataka udeklee ukivuka mpaka wao na 10,000 hata kama unatokea nchi jirani ya Umoja huo huo, Ujerumani wanaweza kukusimamisha barabarani wakakuuliza kwa mdomo na unatakiwa ujibu kweli. Nachosema ni kwamba safari moja inaweza kuwa na fomu nne na kila moja inatakiwa ikubaliane na nyenzake, ukiandika 27,000 hapa na 22,000 pale uwe na risiti ya hiyo 5,000 ilikokwenda.

Njia ya kijani nayo watu wanaichukulia kirahisi mno. Kupita kijani ni kusema kwa miguu yako kwamba huna cha kudeklea. Ukishasimamishwa ng'ambo ya pili ukaanza "nilikuwa nataka kuuliza", umechelewa. Kama umepitiwa kwa bahati mbaya na umekumbuka, geuza mwenyewe kabla hujaitwa. Na ukiulizwa swali la mdomo taja namba kamili, ukiwa huna uhakika sema sina uhakika naomba tuhesabu, usikisie ukataja ndogo kama yule bwana wa Los Angeles.

Nini kinahesabiwa? Noti na sarafu, za nchi yoyote. Hundi za wasafiri. Hundi au hati ya malipo isiyo na jina la mlipwaji, au iliyosainiwa nyuma kiasi kwamba yeyote atakayeishika anaweza kuchukua hela. Ulaya wameongeza dhahabu, sarafu zenye dhahabu asilimia 90 kwenda juu na vipande vyenye asilimia 99.5 kwenda juu, na Falme za Kiarabu wanahesabu mpaka vito na madini ya thamani. Pesa iliyopo benki unayoifikia kwa kadi yako ya kawaida haihesabiwi. Na usidhani ukiituma kwa kifurushi umekwepa, Ulaya pesa inayosafiri bila mtu nayo inaweza kudaiwa taarifa, wanakupa siku 30 ujieleze, na kampuni nyingi za usafirishaji hazipokei kesh kabisa.

Karatasi. Hapa wewe una bahati kuliko wengi kwa sababu chanzo chako ni kitu kimoja kinachoelezeka. Beba mkataba wa mauzo ya kiwanja, taarifa ya benki inayoonyesha hela imeingia na imetoka, risiti ya kubadilishia dola, na ankara ya awali ya mashine kutoka kwa muuzaji yenye jina lako. Afisa mzoefu anaangalia mnyororo: kiwanja kimeuzwa mwezi fulani kwa kiasi fulani, hela ikaingia benki, ikatoka, ikabadilishwa, leo iko hapa, kesho inakwenda kwa mtu huyu kwa kazi hii. Pengo likiwa kubwa kati ya karatasi na karatasi ndipo maswali yanapoanza. Kama ulibadilisha kwa mtu wa mtaani bila risiti, hapo ndipo mnyororo wako umekatika na ukweli sina dawa nzuri, labda uzirudishe benki uzitoe tena kwa utaratibu, na benki nayo itakuuliza.

Kwenye fomu kuna sehemu ya mwenye pesa na sehemu ya mpokeaji. Andika ukweli. Ikitokea kuna rafiki kakupa elfu tatu zake umnunulie kitu, anaandikwa yeye kama mwenye hiyo sehemu, na mimi ushauri wangu ni mkatalie, kila jina linaloongezeka ni maswali yanaongezeka na hujui hela yake ilikotoka. Kuhusu bahasha iliyofungwa ya "mpelekee shemeji yangu" sitasema kitu, unajua mwenyewe.

Kimwili pesa yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Noti ya dola ina uzito wa kama gramu moja, kwa hiyo 27,000 kwa noti za mia ni noti 270, gramu 270 hivi, unene wa kama sentimita tatu. Inakaa kwenye begi la mkononi na ikae humo, isiingie kwenye begi linalokabidhiwa hata siku moja, huko ikipotea huna pa kudai. Usivalie mwilini, ukaguzi wa mwili ukigusa kitu kigumu kiunoni umeshajipa sura ya mtu anayeficha hata kama fomu umejaza. Wakitaka kuhesabu omba iwe chumba cha pembeni na wewe ukiwepo, uangalie kila noti inavyopita, mwisho uhesabu wewe ndipo usaini. Usihesabu hela mbele za watu kwenye foleni, wezi wa uwanja wa ndege wana macho kuliko forodha. Kama una noti za euro 500 zibadilishe kabla, Benki Kuu ya Ulaya iliacha kuzitoa 2019, bado ni pesa halali ila maduka mengi hayataki kuziona na zina sifa mbaya, zilikuwa kipenzi cha watu wa fedha chafu kwa sababu ya kubeba nyingi kwa nafasi ndogo.

Haya, tufike kwa muuzaji. Tuseme umefanya kila kitu sawa, fomu zote nne zina mihuri, umetua Brussels na 27,000 yako. Ubelgiji mfanyabiashara haruhusiwi kupokea zaidi ya euro 3,000 kwa kesh kwenye mauzo, na kugawa malipo vipande vipande havisaidii, malipo yanayohusiana yanahesabiwa kama moja. Kwa hiyo kampuni yenye akili itakuambia tuma kwa benki. Isiyo na akili itapokea, haitaandika ankara ya kweli, na wewe utarudi kwenu na mashine ya dola elfu ishirini na kitu yenye karatasi ya elfu tatu, halafu uieleze forodha ya kwenu kwa nini thamani ni hiyo, na ukikuta roli imepasuka hutakuwa na cha kumshtakia mtu. Fomu ya forodha inakulinda mpakani tu, dukani haikusaidii kitu, na hili watu hawaliulizi mpaka wameshafika.

Na sio Ubelgiji peke yao. Ufaransa na Hispania kwa wakazi wao ni euro 1,000 ukinunua kwa mfanyabiashara, wageni wanaruhusiwa zaidi sana, Italia ni 5,000 tangu 2023. Ujerumani hawana kikomo ila kuanzia 10,000 muuzaji lazima achukue kitambulisho chako. Na kuanzia tarehe 10 Julai 2027 Umoja wa Ulaya wote unawekewa dari ya euro 10,000 kwa malipo ya kesh ya biashara, nchi yenye dari ya chini inabaki nayo.

Ndiyo maana mwanzo nikasema mimi nisingeibeba. Mkiwa bado nyumbani nenda benki na ankara ya awali, muombe muuzaji namba ya akaunti ya kampuni, iwe kwa jina la kampuni na sio la mtu, mtume sehemu ndogo kama arubuni, mkafike muione mashine inazunguka, mjaribu, halafu salio mlitume kutoka benki yenu baada ya kuridhika. Kama humwamini muuzaji, na wala usimwamini mapema, ulizia benki yako barua ya mikopo ya biashara, ile benki yako inaahidi kumlipa akishaonyesha nyaraka za kupakia mzigo. Kwa mashine moja ya kiasi hiki inaweza kuwa na gharama na usumbufu, kuna benki zitakukatisha tamaa kwa makaratasi, ila waulize. Ada ya kutuma inauma, najua, lakini ilinganishe na kulala Dubai siku mbili na dola 27,000 kwenye chumba cha hoteli.

Kama kwa sababu zako bado utabeba, na ikatokea afisa akazuia hela, usigombane wala usitoe "kitu kidogo", hongo inageuza kosa la fomu kuwa jinai nyingine kabisa. Dai hati inayoonyesha kiasi, aina ya noti, sababu na jina la ofisi. Soma kabla ya kusaini, kuna karatasi nyingine maana yake umeikana hiyo hela, kama lugha huielewi omba mkalimani. Kisha tafuta wakili wa pale pale haraka maana muda unakimbia, Uingereza kwa mfano wanaweza kushikilia kesh kuanzia pauni 1,000 wakiishuku, saa 48 za mwanzo bila kwenda mahakamani, baada ya hapo lazima mahakama iruhusu, na hapo mahakamani ndipo mkataba wako wa kiwanja unapofanya kazi. Ukikaa kimya kusubiri wakuonee huruma tarehe za kupinga zinapita.

Kuhusu zitakazobaki. Zikiwa chini ya kizingiti rudi nazo kama kawaida, ila nakala zako za kuingilia zitunze mpaka umefika, usizitupe hotelini. Zikiwa juu unadeklea tena kutoka Ulaya, tena Dubai kama mnatoka nje, tena mkifika kwenu. Hiyo ya kwenu wengi wanaiacha wakidhani ni hela ileile waliyotoka nayo kwa hiyo inajulikana, kumbe wakienda benki kuiweka wanaulizwa fomu ya kuingilia na hawana. Kuna nchi zenye udhibiti mkali wa fedha za kigeni ambako bila ile fomu hela inayobaki haitoki tena, na nyingine hazitaki sarafu yao ivuke mpaka hata kidogo, Tunisia dinari yao hutoki nayo, kwa hiyo siku ukibadilisha njia soma na hilo.

Mdogo wako mwache asafiri na hela yake ya chakula tu.